Mama huniuliza kama ametawadha: nimjibu au ninyamaze?

Barua ya msomaji

Mshauri mpendwa,

Assalamu alaykum. Barua hii nimeianza mara tatu na mara tatu nimeichana, kwa sababu kila nikiisoma naona kama ninamsengenya mzazi wangu. Naiandika tena usiku huu, saa tisa, huku nikisubiri pipa la mwisho lijae, kwani maji ya mgao huja mtaani kwetu usiku, na nyumba yetu haifiki jioni ya pili bila ya mapipa manne. Jirani zetu, ambao ni watu saba, wanatosheka na moja.

Nina umri wa miaka 34, ni mwalimu wa skuli ya msingi hapa Unguja, na ninaishi na mama yangu mwenye miaka 58 pamoja na binti yangu wa miaka mitano. Mume wangu anafanya kazi Maskati. Baba yangu alifariki miaka miwili iliyopita, na mimi ndiye niliyerudi nyumbani kukaa na mama alipoingia eda, kwa makubaliano kwamba eda ikiisha kaka yangu naye atachukua zamu yake. Eda ilikwisha na zamu haikuja. Sikulalamika, kwa sababu wakati huo mama alikuwa ameshaingia katika hali ninayotaka kukueleza, na sikuona wa kumwachia.

Mama ana waswasi. Sina neno jingine. Akiingia bafuni kutawadha kwa ajili ya adhuhuri, kuna siku hutoka alasiri imekaribia. Huosha mkono wa kulia, akafika wa kushoto, akahisi kwamba ule wa kulia haukuenea maji, akarudi mwanzo. Akimaliza, huhisi kwamba tone la sakafuni limemrukia na kumtia najisi, akarudi tena. Akisimama kwenye msala, takbira humchukua muda mrefu kuliko swala yenyewe, kwa kuwa huona nia haijakaa, basi huinua mikono na kuishusha, huinua na kuishusha, mpaka nasikia sauti yake inakauka. Ngozi imepasuka baina ya vidole na hutoka damu, na damu hiyo nayo humletea shaka nyingine ya tohara. Kuku wa jirani akipita uani, kanga zote zilizoanikwa hurudi kwenye beseni. Kitanda chake hakikaliwi na mtu yeyote, hata mjukuu wake.

Maji na sabuni nimeshavizoea. Kinachonimaliza ni maswali. "Mwanangu, umeniona nimeosha mguu wa kushoto?" Nimekuona, mama. "Umeona kwa macho yako, au unaniridhisha tu?" Nimeona kwa macho yangu. "Sema wallahi." Nikiwa darasani simu hulia nami hutoka nje kumjibu, na mwalimu mkuu ameshanionya mara mbili. Asiponipata, humwita binti yangu, naye husimama mlangoni pa bafu na kusema, "Bibi, umeshatawadha, toka." Ni maneno yale yale aliyokuwa akiyasema marehemu baba. Nakumbuka nilipokuwa mdogo, baba akisimama pale pale, ameshavaa kanzu ya kwendea msikitini, akisema kwa upole, "Umeshatawadha, mke wangu, toka, mimi shahidi wako." Wakati ule niliona ni mapenzi, na hata leo naona ni mapenzi.

Watu wote wanasema ugonjwa huu umeletwa na msiba. Kaka yangu anasema ni jini. Alimleta mtu akamsomea, akampa kombe anywe, na akaagiza aoge maji yaliyosomewa kwa siku saba. Siku tatu za mwanzo mama alitulia, kisha akaanza kuhofia kwamba maji yale hayakumwenea mwili mzima. Mimi kwa upande wangu nilimpeleka hospitali moja, wakampa vidonge vilivyomlaza kutwa. Swala zilimpita akiwa usingizini, na alipoamka akawa na swala za kulipa, na kila swala ya kulipa ikawa na udhu wake. Nikaviacha. Nilipotaja madaktari wa akili alilia kama mtoto: "Mnataka kunipeleka Kidongo Chekundu, watu waseme mjane wa fulani amerukwa na akili."

Miezi mitatu iliyopita muuguzi mmoja niliyesoma naye aliniambia, "Unamzidishia kwa kumjibu. Nyamaza, ataacha mwenyewe." Siku ya pili yake nikanyamaza. Mama alianza kuniita magharibi, nami nilikaa ukumbini nimeziba masikio huku binti yangu akilia. Alitoka watu wameshaswali isha, anatetemeka kwa baridi, akanitazama na kusema, "Nakuomba neno moja tu, unaninyima. Sina radhi nawe." Mshauri, nilipiga magoti nikaibusu mikono ile iliyopasuka, nikamjibu kila alichouliza. Tangu siku hiyo sijamnyima jibu hata moja, na siku hizi namjibu kabla hajauliza.

Kuna jambo moja silielewi. Mama hushona kofia za viua za kuuza, na kofia moja ina matundu mamia. Kila siku baada ya alasiri hukaa barazani na sindano yake kwa muda wa saa nzima au zaidi, anazungumza, anacheka, anamsimulia mjukuu wake hadithi, na hajapata kuniuliza hata siku moja kama tundu fulani limekaa sawa. Kisha adhana ya magharibi inaadhiniwa, na mama yule anaondoka.

Sasa mume wangu amepata nyumba na anataka mimi na mtoto tumfuate Maskati kabla ya Ramadhani. Kaka anasema nikiondoka ataweka mtumishi wa ndani. Juzi binti yangu aliniita kutoka uani akaniuliza, "Mama, mikono yangu imetakata? Sema wallahi." Sikulala usiku ule.

Naomba unisaidie. Nimjibu mama au ninyamaze? Niende au nibaki? Na radhi yake, je, imerudi au bado?

Binti wa Unguja

Jibu la mshauri

Binti yangu,

Wa alaykum salaam. Hukumsengenya mama yako. Anayemweleza tabibu ugonjwa wa mzazi wake hafanyi jambo la siri mbaya, na barua yako kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho imejaa heshima kwake. Ningependa uliweke kando hilo la kujilaumu, kwa sababu una mizigo mingine ya kutosha.

Umeniuliza maswali matatu, lakini mimi naona yote yametoka katika sehemu moja. Taratibu, bila ya mtu yeyote kukusudia, umekuwa sehemu ya udhu wa mama yako. Kwa hali ilivyo, udhu wake hautimii kwa maji peke yake, unatimia kwa ulimi wako. Ndiyo maana kunyamaza kwako siku ile kulimwumiza kiasi kile, na ndiyo maana kuondoka kwako kunakutisha wewe zaidi ya vile kuondoka kwa binti yeyote aliyeolewa kungemtisha.

Umesema huna neno jingine ila waswasi, na neno hilo ni sahihi. Sisi tuna maneno mawili yanayofanana: wasiwasi, ambao kila mtu anao anapongoja matokeo ya mtihani au mgonjwa aliye hospitali, na waswasi, ambao ni shaka inayomwandama mtu katika jambo moja na haitulizwi na ushahidi wowote. Madaktari wa akili wanaufahamu vizuri ugonjwa wa namna hii. Ndani yake mna fikra zinazojilazimisha kichwani ingawa mwenyewe hazitaki, na vitendo anavyovirudia ili kuituliza hofu inayoletwa na fikra hizo. Huwapata watu kati ya mmoja na watatu katika kila mia kwa maisha yao yote, wanaume kwa wanawake, wenye dini na wasiokuwa nayo. Aghalabu hukamata lile ambalo mtu analithamini kuliko yote. Mzazi mchanga huweza kuandamwa na fikra ya kumdhuru mwanawe, ambaye yuko tayari kufa kwa ajili yake. Mlinzi makini huweza kurudi mara thelathini kutazama kufuli. Mama yako anamcha Mola wake, basi ugonjwa umemkamatia kwenye tohara. Kwa hiyo anayesema kwamba mama ana imani dhaifu amekosea, na anayemwambia azidishe uangalifu katika ibada amemwongezea kuni motoni.

Yapo mambo ambayo umeyaandika kama yaliyokwisha thibitika, nami nakuomba tuyatazame upya pamoja.

La kwanza ni kwamba ugonjwa umeanza na msiba. Rudi kwenye maneno yako mwenyewe. Ulikuwa mdogo, na tayari baba alikuwa akisimama mlangoni pa bafu akisema, "Mimi shahidi wako." Kwa kawaida hali hii huanza utotoni au katika ujana, mara nyingi kabla ya miaka 25, na ikiwa kweli imemwanza mtu baada ya miaka 50, daktari huwa na sababu ya kumchunguza zaidi, pamoja na ubongo wenyewe, ili kuona kama kuna maradhi mengine. Kwa hiyo kumbukumbu hiyo ya utotoni si ndogo, na daktari anapaswa kuisikia. Inawezekana kwamba mama yako ameishi na waswasi kwa miaka thelathini au zaidi, na kwamba baba yako ndiye aliyekuwa akiuchukua, siku kwa siku, kwa neno lake moja la upole. Alipofariki, mama alifiwa na mume na pia akaondokewa na shahidi. Wewe ukarudi nyumbani, ukakuta nafasi ile iko wazi, ukaingia.

Sisemi haya kumtia ila marehemu. Alichokifanya kilikuwa mapenzi, kama ulivyoona ulipokuwa mtoto, na hakuwa na mtu wa kumweleza jinsi maradhi haya yanavyofanya kazi. Mwenye waswasi anapoingiwa na shaka, hofu hupanda. Anapoosha tena au anapojibiwa, hofu hushuka mara moja. Kule kushuka ndiko kunakomfunga. Akili hujifunza kwamba imeokolewa na jibu, hivyo shaka inayofuata huja na kiu kubwa zaidi ya jibu. Bila shaka umeliona hili: zamani "nimekuona" ilitosha, baadaye ikahitajika "kwa macho yangu", sasa inahitajika "wallahi". Shaka hii haikai mkononi mwake, na kwa sababu hiyo maji ya mapipa manne hayawezi kuifikia.

La pili ni radhi. Mimi si mufti, na swali la radhi kwa hukumu yake ya dini unaweza kulipeleka kwa mwanachuoni unayemwamini. Nitasema tu ninaloliona kama mtu aliyekaa na familia nyingi zenye mgonjwa wa namna hii. Maneno yale mama aliyasema akiwa ameloa, anatetemeka, baada ya kuita tangu magharibi bila ya kuitikiwa, na huku hajui kwa nini bintiye amegeuka ghafla. Umeniambia ulipiga magoti. Hukuniambia yeye alifanya nini ulipopiga magoti, wala hukuniambia kama umewahi kumwuliza, siku nyingine, katika saa nzuri, "Mama, una radhi nami?" Nahisi unaogopa jibu. Lakini miezi mitatu hii umekuwa ukilipa deni ambalo hujamwuliza mwenyewe kama bado analidai, na umelilipa kwa kitu kinachomzidishia maradhi.

La tatu, na hapa ndipo ningependa tukae zaidi, ni dhana kwamba una njia mbili tu, kujibu au kunyamaza. Muuguzi mwenzako alisema nusu ya jambo. Ni kweli kwamba majibu yanalisha ugonjwa. Mwaka 1966 mwanasaikolojia wa London, Victor Meyer, alieleza jinsi wagonjwa wawili walivyopata nafuu kubwa kwa kukabili kile walichokihofia bila ya kukimbilia kukosha au kurudia, na njia hiyo, ikiwa imeboreshwa mara nyingi tangu wakati huo, ndiyo tiba ya mazungumzo na mazoezi inayotegemewa zaidi kwa maradhi haya hadi leo. Lakini njia ile hufanywa mgonjwa akiwa amekubali, akiwa na mtu wa kumshika mkono, na hatua kwa hatua. Mama yako hakuulizwa. Kwake yeye ilikuwa kama mtu aliyezoea kushuka ngazi gizani akishikwa mkono, kisha siku moja mkono ukaondolewa bila ya kuambiwa.

Kati ya kujibu na kunyamaza kuna kumwambia mapema. Ungeweza kuzungumza naye akiwa mtulivu, ukamweleza kwamba umeona majibu yako yanamtuliza kwa dakika chache kisha yanamrudisha alipokuwa, na kwamba unataka kumsaidia kwa namna nyingine. Kisha mkachagua jambo moja, dogo kuliko yote, alichague yeye. Pengine litakuwa kwamba neno wallahi halitumiki tena, ingawa jibu la kawaida linaendelea. Pengine litakuwa kwamba kwa udhu wa adhuhuri peke yake hutajibu, bali utasema maneno mliyokubaliana, kwa mfano, "Mama, najua hofu imekukamata, na najua unaweza kuistahimili; niko hapa." Ona kwamba maneno hayo si baridi. Hayasemi kama mguu umeoshwa au haukuoshwa, lakini hayamwachi peke yake.

Hatari zake nazo uzijue kabla hujaanza. Siku za mwanzo hofu yake itapanda kabla ya kushuka, na atakusihi kwa maneno yatakayokuchoma. Ukikataa mara kumi na tisa kisha ukajibu ya ishirini kwa sababu umechoka, umeifundisha shaka kwamba bei ya jibu ni maswali ishirini, na kesho itakuja na hesabu hiyo. Ndiyo maana nasema mchague jambo dogo sana, ambalo wewe pia unaliweza usiku ukiwa na usingizi. Na ikiwa itafika siku mama akatamka kwamba amechoka kuishi, mazoezi yote yaachwe na afikishwe hospitali siku hiyo hiyo.

Katika dini yenyewe mna msaada mkubwa kwake, nami nashangaa kwamba katika barua yako nzima hakuna aliyemkumbusha. Wanachuoni wana kanuni inayojulikana sana, kwamba yakini haiondolewi na shaka. Katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, mtu anayedhani kwamba udhu wake umetenguka akiwa ndani ya swala ameambiwa asitoke mpaka asikie sauti au anuse harufu. Na imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja ya maji, ambayo ni kiasi cha viganja viwili vya mtu wa wastani vilivyojaa. Mama anaweza kwenda pamoja nawe, mara moja, kwa sheikh anayeyajua maradhi haya, akamwekea mpaka wa wazi: kila kiungo kisizidi mara tatu, na shaka itakayobaki asiisikilize. Nimesema mara moja kwa makusudi, kwani nimeona wagonjwa waliompata sheikh mwema wakageuka kumpigia simu baada ya kila udhu, naye kwa huruma yake akawa shahidi mpya wa mlangoni.

Kuhusu kaka yako, sikushauri umpige vita. Anamhangaikia mama kwa njia anayoijua, na kisomo chenyewe hakimzuii mtu kupata tiba ya hospitali. Ninachokiogopa ni masharti ya kuoga na kujitakasa ambayo huja pamoja nacho, kwani umeshaona yalivyogeuka kuwa chanzo kipya cha shaka. Nahofia pia muda unaopotea. Akikwambia kwamba habari za maradhi ya akili ni za Wazungu, mwambie kwamba Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 934, aliandika kuhusu waswasi kama maradhi ya nafsi yanayohitaji kutibiwa. Na kama bado kuna mahali pa kumwomba msaada, mwombe jambo lenye mipaka. "Chukua zamu" ni neno pana mno. "Kaa na mama kila Ijumaa kutoka alasiri mpaka isha, na haya ndiyo maneno tuliyokubaliana kumjibu" ni jambo analoweza kulifanya au kulikataa waziwazi.

Vidonge ulivyoviacha sivijui, na kuacha dawa bila ya kumwambia daktari nakusihi usikurudie, kwani baadhi yake zikikatizwa ghafla huleta matatizo. Lakini kwa jinsi ulivyoieleza, ile iliyomlaza kutwa huenda ilikuwa ya kutuliza tu. Dawa zinazotumika kwa waswasi hasa ni za aina nyingine, kama fluoksetini, sertralini au klomipramini. Hazikusudiwi kumlaza mtu, mara nyingi hutolewa kwa kipimo kikubwa kuliko kile cha sonona, na faida yake huweza kuchelewa mpaka wiki 10 au 12, kiasi kwamba familia nyingi huzikatia tamaa katika wiki ya tatu. Daktari ndiye atakayeamua kama zinamfaa, kwa kuzingatia umri wake na maradhi mengine aliyonayo.

Kidongo Chekundu, ninafahamu jinsi jina hilo lilivyo zito mjini. Watoto hutishana nalo. Hata hivyo hospitali ile huhudumia pia watu wanaokwenda asubuhi, wakazungumza na daktari, wakarudi kula chakula cha mchana kwao, nao hatuwajui kwa sababu hawana alama yoyote usoni. Kama mama hawezi kabisa kuvuka lango lile, kuna Muhimbili, Dar es Salaam, ambako hakuna jirani wa kumwona akiingia. Safari ya boti kwa mwenye waswasi wa najisi si jambo dogo, lakini wengine huona kujulikana ni kuzito zaidi ya safari. Mwulize yeye lipi ni jepesi. Pia unaweza kwenda wewe peke yako kwanza, ukamweleza daktari hali ilivyo na kujifunza namna ya kuishi nayo. Hilo halihitaji ridhaa ya mtu.

Sasa Maskati. Sitakwambia uende wala ubaki, kwa sababu gharama ya kila upande itabebwa na wewe. Nitakuuliza tu kama swali limewekwa sawa. Ukibaki na mambo yakaendelea kama yalivyo, utakuwa umebaki kumsaidia mama au kuwa shahidi wake? Ukienda kabla ya Ramadhani bila ya kubadilisha lolote, mtumishi atakayewekwa atasimama mlangoni pa bafu bila ya kujua anafanya nini, na wewe utajibu kwa simu kutoka Maskati. Je, mume wako ameelezwa haya kama ulivyonieleza mimi, pamoja na pipa la saa tisa usiku na maonyo ya mwalimu mkuu, au ameambiwa tu kwamba mama ni mgonjwa? Huenda tarehe ikasogezwa. Huenda mama akatangulia kupata tiba ya miezi michache, kisha wewe ukaenda ukiwa umemwacha mahali pazuri zaidi. Huenda yeye mwenyewe, akiulizwa, akasema nenda kwa mumeo, nawe ukalazimika kuamua kama unamwamini.

Jambo moja ningependa ulitangulize kabla ya yote hayo. Ni binti yako. Usiogope kupita kiasi kwa sababu ya mikono yake na ile "sema wallahi". Mtoto wa miaka mitano huiga anachokiona, na kuiga si ugonjwa. Ni kweli kwamba maradhi haya huonekana zaidi katika baadhi ya koo, kwa hiyo uwe macho, lakini usimchunguze kila anaponawa. Anachohitaji ni kutolewa mlangoni pa lile bafu. Amerithi kazi iliyokuwa ya babu yake, na ni kubwa kuliko umri wake. Naamini kwamba mama yako, ambaye anampenda mjukuu huyo kiasi cha kumsimulia hadithi kila siku, atalielewa hili kuliko jambo jingine lolote utakalomwambia, na kwamba huenda likawa ndilo jambo dogo la kwanza atakalolichagua mwenyewe.

Wakati wa kumwambia unao tayari, umeuandika bila ya kuutilia maanani. Ni ule muda baada ya alasiri, barazani, sindano ikiwa mkononi mwake. Mkono ule ule ambao bafuni hauaminiki, pale unatoboa na kushona mamia ya viua bila ya kuomba shahidi. Usimwambie hivyo kwa kumkosoa, kana kwamba unamwonyesha kuwa anaweza ila hataki. Kwa kofia haogopi, na kwa udhu anaogopa, hiyo ndiyo tofauti. Kaa tu karibu yake, mpe uzi, na umwulize swali ambalo pengine hajaulizwa na mtu tangu alipokuwa msichana: hofu hii ilikuanza lini, mama, na huwa inakwambia nini? Inawezekana zimo fikra anazoziona haya kuzitamka, basi usimharakishe. Akikujibu, andika alichosema kwa maneno yake, ukampelekee daktari. Akilia, subiri. Na kama siku hiyo atashona tu asiseme kitu, mpokee kofia yake adhana ikiadhiniwa, na ujaribu tena kesho alasiri.